Namna Bibi Mwanamize Alivyoizuru Melaka

Kwa heshima na taadhima, wakaazi wote wa Sib, Oman, wenye masikio na wenye kujifanya hawana, wanatangaziwa kwamba Bibi Mwanamize binti Thani, mstaafu wa kupokea simu wizarani, mjane, mpishi wa achari yenye mjadala, amerejea salama kutoka Melaka, mji wa kale ulioko huko Malesia. Amejionea kwa macho yake mwenyewe mnara mwekundu wa saa, mto unaokata katikati ya mji, lango la ngome ya Wareno, na kasri la masultani ambalo inasemekana halina msumari hata mmoja. Wanaotaka khabari wafike nyumbani kwa dada yake, Bibi Masouda, baada ya sala ya alasiri. Kahawa ipo.

Tangazo hili, ambalo jirani yao Mahbuba alilieneza kwa mdomo kabla sanduku halijafunguliwa, lilikuwa na kosa moja dogo. Hayo macho yake mwenyewe yalikuwa yamefumba.

Ilikuwa hivi. Basi la watalii liliondoka Kuala Lumpur asubuhi, limejaa watu wenye kofia. Bibi Mwanamize alikaa dirishani, na pembeni yake akakaa Wijdan, binti wa Masouda, aliyekuwa huko kwa mafunzo ya kazi na ndiye aliyemtembeza. Basi halijatoka mjini, Bibi Mwanamize akafungua kikaratasi alichopewa na dada yake siku ya kuagana, akameza vidonge viwili vya kuzuia kutapika, akasema bismillahi. Akaiona michikichi imejipanga kando ya barabara kama wanafunzi wanaongoja kuchapwa. Akaegemeza kichwa kwenye kioo.

Basi likafika Melaka. Likasimama mnarani, likasimama mtoni, likasimama ngomeni. Watu wakashuka, wakapiga picha, wakapanda, wakala, wakashuka tena. Wijdan alimtikisa, akamwita jina, akamnyunyizia maji usoni. Bibi Mwanamize akaitika “labeka” kwa adabu zote, kisha akaendelea na shughuli zake. Alipofumbua macho, michikichi ilikuwa imehamia upande wa pili, na mapajani mwake mlikuwa na sumaku ya kubandika kwenye friji, yenye picha ya mnara mwekundu.

“Tumefika?” aliuliza.

“Tumefika, mama mdogo,” alisema Wijdan. “Na tumeshaondoka.”

Hapohapo akamwapisha. Wijdan akaapa kwamba hatomwambia mama yake, wala mtu yeyote, kuanzia dakika ile. Kilikuwa kiapo cha kweli kabisa. Kilichelewa tu.

Utasema, si angenyoosha maneno kwamba alilala, yaishe? Watu wangapi wamelala mbele ya vitu vya maana: kwenye hotuba, kwenye harusi zao wenyewe. Lakini safari haikuwa yake. Ilikuwa ya Masouda.

Masouda hakuwahi kutamani London. Dubai kwake ilikuwa kama kwenda dukani. Lakini miaka mingi nyuma duka moja la vitambaa la Matrah, kule Maskati, liligawa kalenda zenye picha za miji ya dunia, na mwezi mmoja wa kalenda hiyo ulikuwa na Melaka: kiwanja chekundu, mnara mwekundu, mto unametameta nyuma. Mwezi ukaisha, mwaka ukaisha, mwenye duka akafariki, na ukurasa ule ukabaki ukutani jikoni kwa Masouda. Alikaanga vitunguu mbele yake. Aliwasomesha watoto mbele yake. Mvuke wa sufuria uliuvimbisha mpaka mto ukawa kama unatembea kweli. Wijdan alipopata safari ya kikazi akakata tiketi za wazee wake wawili, mama yake na mama mdogo, na wiki iliyofuata Masouda akateleza bafuni, akavunjika nyonga.

Alipotoka kufanyiwa upasuaji alimwambia mdogo wake, “Nenda wewe. Uniletee yote.”

Na Mwanamize hakuwa mtu wa kumkatalia dada yake. Mama yao alifia Unguja yeye angali mdogo sana. Masouda ndiye aliyemshika mkono wakapanda meli kuja Oman, ndiye aliyesuka nywele zake, aliyeacha shule ili yeye asome. Maisha yake yote Mwanamize hakuombwa kitu na dada yake ila hicho kimoja. Naye alikwenda, akakilalia.

Siku ya kwanza walikuja kina mama wa kutosha kujaza ukumbi wa sala. Kwa desturi ya Oman msafiri haulizwi moja kwa moja, kama mtu anayeshukiwa. Anapewa tende, anapewa kahawa, ndipo anaulizwa khabari, na yeye sharti ajibu kwamba hakuna khabari, kote salama, hata kama meli imezama akiwa ndani. Baada ya hapo ndiyo khabari zinaanza.

“Hakuna khabari,” alisema Bibi Mwanamize, na hiyo ikawa sentensi ya mwisho ya kweli kutoka kinywani mwake mpaka Alhamisi.

Kwani alimtazama Masouda. Kitanda kilikuwa kimeletwa sebuleni, mguu umewekwa juu ya mto, na ule ukurasa wa kalenda umebanduliwa jikoni, umelazwa mapajani mwake kama mtoto anayesubiri kulishwa. Mwanamize akafungua mdomo akiri. Kilichotoka ni ndoto.

Maana kule kwenye basi aliota, na ilikuwa ndoto ndefu, ya majimaji, yenye mwanga wake wenyewe. Akaisimulia polepole, kwa sauti ileile iliyokuwa ikiwaambia watu wizarani wasubiri kidogo, nao wakasubiri nusu siku wakifurahi.

Mto wa Melaka, alisema, unatoka ndani ya duka la vitambaa. Unapita baina ya maduka kama ujia, na rangi yake ni ya chai ya maziwa. Wauzaji wamekaa kingo mbili, miguu ndani ya maji, na ukikipenda kitambaa hupigi kelele, unakinyooshea kidole tu. Kinateremka majini, kinajikunjua ua baada ya ua, na kinapokufikia kimeshakuwa kanzu, tena kiasi chako. Mnara mwekundu unapiga saa lakini hautoi sauti, unatoa harufu. Saa tisa inanukia karafuu, saa kumi inanukia ubani, na mtu aliyechelewa anajijua kwa pua. Ngome nayo imelala ubavu juu ya kilima kama paka aliyeshiba. Wareno waliondoka kwa haraka, wakaisahau, na yenyewe haikuona sababu ya kuwafuata.

Hakuna aliyeuliza kitu. Hilo peke yake lingetosha kumshtua, kwani mkusanyiko wa wanawake wa Sib usiouliza swali ni jambo la kuitia polisi. Lakini yeye alikuwa akimtazama Masouda, na Masouda alikuwa amefumba macho, anatabasamu, kidole chake kinafuata mto juu ya karatasi.

Kesho yake walikuja wengi zaidi, na vileja vya unga wa mchele. Keshokutwa walikuja na majirani wa majirani. Ndoto ikaanza kuisha. Ilibaki sehemu moja tu, ya kasri, na hiyo hakutaka kuigusa. Kila jioni wakishaondoka watu Masouda aliuliza neno moja, “Na kasri?” na kila jioni Mwanamize alisema kasri kesho.

Kwenye kasri alimkuta mtu, na mtu huyo hakuwa wa kutiwa kwenye uongo.

Basi ikabidi atafute bidhaa nyengine. Akasema anakwenda Matrah kununua ubani, akachukua teksi. Asubuhi ile kulikuwa na meli ya watalii Bandari ya Sultan Qaboos, kubwa kama mtaa uliokatwa ukasukumwa baharini, na watu walikuwa wakimiminika kutoka tumboni mwake na miavuli na makopo ya mafuta ya jua. Mbele yao alikwenda kijana wa kanzu nyeupe na bendera ndogo ya manjano, akiwaeleza. Bibi Mwanamize akaifuata bendera.

Tangu alipokuwa msichana alikuwa akija Matrah, na kazi zake zilikuwa mbili: kuvuta kitambaa aone kama kinachanika, na kumwambia muuzaji kwamba bei yake ni ya wazimu. Hakuwahi kuinua kichwa. Leo bendera ilisimama, watalii wakainua nyuso, naye akainua. Juu ya ujia wa soko palikuwa na paa la mbao lenye vioo vya rangi, na mwanga ulikuwa ukidondoka juu ya watu. Mzee mmoja wa kizungu akawa kijani. Mkewe akawa buluu na kitambi chake kikawa rangi ya chungwa. Wauzaji wa majambia na shanga walisimama chini ya mvua ile ya rangi, wanapiga miayo.

Wakatoka nje, wakapita kando ya bahari, wakapanda ngazi za ngome ya Matrah. Aliwahi kupita chini ya ngome hiyo maelfu ya mara bila ya kuipa hata salamu. Leo alipanda, akipumzika kila baada ya hatua chache na kusingizia kwamba anatazama mandhari, mpaka akawa anayatazama kweli. Bandari ilikuwa nyeupe kama bakuli la mtindi. Nyumba zilikuwa zimebanana ukingoni zikichungulia maji. Kule mbali, kwenye mlima wa Riyam, chetezo kikubwa cha saruji kilichojengwa kupamba mji kilikaa peke yake kama kwamba kuna mtu, mkubwa zaidi ya milima, ameinuka kwenda kutafuta kaa la moto na atarudi sasa hivi.

Mama mmoja wa melini akamwomba kwa ishara ampige picha. Bibi Mwanamize akaweka sawa mtandio wake na kutazama upande, kama anavyodhani wanawake wa kale walivyokuwa wakitazama. Mpaka leo, kwenye nyumba fulani ya Ulaya, yeye ni kivutio cha Maskati, baina ya ngome na soko la samaki.

Kijana wa bendera, jina lake Safwan, aliwahesabu watu wake, akapata mmoja zaidi. Akamsogelea, akamuuliza kwa Kiarabu kashuka meli gani. Alipojibiwa kwa Kiswahili kwamba meli hakuna, kashuka Sib, akacheka, kwa sababu nyumbani kwao nako kulikuwa na bibi wa namna hiyo.

“Basi nisogelee, bibi,” alisema. “Huko nyuma husikii.”

Kwa hivyo Melaka ikanawiri. Siku ile ilipata soko lenye mbingu ya vioo, ambamo watu huingia weupe na weusi wakatoka buluu na kijani, na hawarudi rangi yao mpaka wanunue kitu. Ilipata chetezo juu ya mlima, na moshi wake ndio mawingu ya mji. Mahbuba, ambaye alizaa watoto wake wote Matrah, akafungua mdomo, akaanza kusema “lakini hiyo si...” akapigwa kiwiko cha mbavu na aliye jirani yake, akamezea na kileja. Mwanamize alikiona kile kiwiko. Usiku alikigeuza kichwani huku na huku, asijue akiweke wapi.

Alhamisi Wijdan alikuwa anarudi kutoka Malesia, na mtoto huyu, kiapo au si kiapo, hakujua kudanganya hata uso wake. Bibi Mwanamize alitangulia kufika kabla ya alasiri, watu hawajaja. Alimkuta Masouda peke yake, na kalenda yake.

“Dada, nna neno kuhusu Melaka.”

“La kasri?”

“Kabla ya kasri. Nililala, dada. Tangu mwanzo mpaka mwisho. Sikuona hata tofali.”

Masouda hakushtuka. Aliingiza mkono chini ya mto, akatoa simu, akavaa miwani, akaanza kusukuma kwa kidole kimoja kama anayechambua mchele. Kisha akampa. Kwenye simu kulikuwa na dirisha la basi. Ndani ya dirisha kulikuwa na Bibi Mwanamize, mdomo wazi kama sanduku la posta, na nyuma yake, kupitia kioo cha pili, umesimama mnara mwekundu wa Melaka, mzuri, wazi kabisa, kama unaomchungulia. Wijdan aliituma picha hiyo kwenye kundi la familia palepale mnarani, saa nyingi kabla ya kuapishwa. Chini yake kulikuwa na msururu wa nyuso zinazolia kwa kicheko, mrefu mpaka kidole kichoke.

Bibi Mwanamize alikuwa hayumo kwenye kundi hilo. Alijitoa mwenyewe Ramadhani iliyopita, kwa tamko rasmi, baada ya mtu kumkosoa kiasi cha siki kwenye achari.

“Mahbuba ameiona?” aliuliza mwishowe.

“Mahbuba ndiye aliyeikuza tukaona meno.”

“Na mkanyamaza. Siku zote hizi mnanisikiliza.”

“Nimewaambia atakayetia neno asinywe tena kahawa yangu.” Masouda akavua miwani. “Tena vidonge nilivyokupa si vya safari. Ni vile vyangu, vya maumivu ya nyonga, na vinalaza. Vyote viko kwenye bati moja la halwa, nikachanganya. Mimi ndiye niliyebaki na vya safari. Siku mbili nyonga inanitafuna, lakini sikutapika hata mara moja.”

Mwanamize alitaka kukasirika, akatafuta pa kuanzia, asipaone. Alisema tu kwamba angeambiwa basi, asiendelee na uongo wake kama mpumbavu.

“Uongo gani? Melaka nimeiangalia humu kwenye simu, kitandani, kichochoro baada ya kichochoro. Nzuri, mashallah. Baiskeli zao za abiria zimepambwa maua na zinapiga muziki. Lakini ule mnara wao haunukii kitu.” Akauweka sawa ukurasa mapajani. “Mimi nilikwambia uniletee, na umeniletea. Kasri tu bado.”

Wakaingia kina mama. Wakavua viatu, wakasalimiana, wakakaa palepale pao, wakageuza nyuso zao zote za uongo kumtazama. Bibi Mwanamize akawatazama mmoja mmoja. Sasa alijua wanajua, na kila mmoja aliona kwamba anajua. Vikombe vikasimama. Angeweza kucheka, nao wangecheka, ingekwisha vizuri tu na watu wangerudi nyumbani kupika.

Akaanza kuhusu kasri.

Ni la mbao, alisema, na ni kweli halina msumari. Linasimama kwa maneno. Ndani yake siku zote kuna mtu anamsimulia mwenziwe kitu, na maadamu hajamaliza, ubao haudondoki. Unapopita nje unasikia mvumo kama wa nyuki, ndiyo kuta hizo. Ngazi zake ni ndefu, zimelainika kwa nyayo. Na kwenye ngazi ya chini alikaa mwanamke, ungo magotini, anapepeta. Pumba zikiruka hazianguki. Zinapanda, zinazunguka pembe za paa, zinakuwa njiwa, wanatua. Na hakuhangaika nao. Aliinua uso.

Hapo Mwanamize aliwageuzia watu wote bega, akawa anazungumza na kitanda.

Alisema mwanamke yule alikuwa na mwanya mdogo, wa juu. Kanga yake kaifunga fundo nyuma ya shingo, si mbele. Na karibu na sikio ana alama ya kuungua, kama ukucha.

“Sikio gani?” aliuliza Masouda. Katika Melaka nzima, hilo ndilo jambo pekee alilotaka kulihakikisha.

“La kushoto.”

Wenye akili watasema Mwanamize alisikia utotoni watu wakimweleza mama yao, likabaki ndani, usingizi ukalitoa. Wenye akili hawakualikwa siku hiyo.

“Alisema neno?”

“Aliuliza nani kaacha mlango wazi, kuku wanaingia.”

Masouda akajifunika uso kwa kanga. Mabega yakawa yanatikisika, na hakuna aliyeweza kusema kama ni kicheko au kilio. Kutoka chini ya kanga ikatoka sauti ndogo, ya mtoto aliyekamatwa.

“Mimi,” alisema. “Mimi huyo. Kila siku ni mimi.”

Mahbuba akamimina kahawa, akaimwaga kwenye sahani, akaendelea kuimwaga. Wijdan aliingia akivuta sanduku lake, akawakuta wanawake wazima wanafuta macho kwa ncha za mitandio, mama yake amejigubika, na mama mdogo wake anamsugua goti la mguu mzima. Akadhani kuna msiba. Akaambiwa hapana, ni utalii.

Alipokwishapewa tende na kusema kwamba hakuna khabari, alitoa alilokuja nalo. Daktari amesema mwakani mama atatembea vizuri. Mwakani basi wanakwenda wote watatu, Melaka ileile, basi lilelile, na vidonge atavikagua yeye. Chumba kikapasuka kwa vigelegele. Ndipo Mahbuba akasimama, akakohoa kama mtu wa televisheni, akatangaza kwamba kwa niaba ya wakaazi wote wa Sib anamwomba msafiri wao mkongwe, mjuzi wa mito, ngome na makasri, awaeleze kwenye ziara hiyo ya pili ataanza kutazama nini: mnara, au mto, au kasri lenyewe.

Watu wakageuka. Masouda akateremsha kanga mpaka puani apate kusikia. Bibi Mwanamize alimaliza tende yake, akaitoa kokwa, akaiweka kwenye kisahani.

“Kiti cha dirishani mpeni Masouda,” alisema. “Mimi nitalala.”